Kahe hadi Voi: Reli iliyokosa wa kuidai

*Treni imerudi Moshi na Arusha. Kipande cha kilomita zipatazo 150 kinachounganisha Kaskazini ya Tanzania na Pwani ya Kenya bado kimelala. Kinasubiri nani?*

Na Mwandishi Wetu

JUMAMOSI ya Oktoba 24, 2020, treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliingia Arusha. Mji uliozoea kuiona stesheni yake ikiota majani ulitoka kwenda kuitazama. Wazee waliowahi kuipanda zamani walikwenda kuhakikisha kwa macho yao. Vijana wa miaka 25 walikwenda kuona kitu ambacho hakijapata kupita mjini kwao tangu wazaliwe.

Miezi kumi kabla ya hapo, Desemba 2019, treni hiyo ilikuwa imefika Moshi. Wachaga waliokuwa wakifunga mizigo kwenda nyumbani kula Krismasi wakapata njia ya tatu, mbali na basi na gari la shemeji.

Lakini kabla ya kuingia Moshi, treni ile ilipita mahali paitwapo Kahe. Kahe ni njia panda. Reli moja inaelekea Moshi. Nyingine ilichepuka kwenda mashariki, ikavuka mpaka hadi Taveta, ikapita Maktau, Bura na Mwatate, kisha ikaungana na reli ya Mombasa na Nairobi pale Voi.

Kwa takriban miaka 60, behewa lililopakiwa Moshi liliweza kushika njia hiyo na kufika Mombasa bila gunia hata moja kushushwa njiani. Treni ya 2020 ilipita Kahe bila kugeuza shingo. Njia ya Taveta haina treni, na hakuna aliyetangaza siku ya kuirudisha.

Swali la makala hii ni hilo hilo. Kwa nini reli ya Kaskazini imefufuka, reli za Kenya zimefufuka, na kiungo kilichozifanya ziwe ndugu kimeachwa kati?

Ilizaliwa vitani

Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893. Ilitambaa polepole kupitia Muheza, Korogwe, Mombo na Same, ikafika Moshi mwaka 1911. Upande wa pili wa mpaka, Waingereza walikuwa wameshafikisha reli yao Ziwa Viktoria mwaka 1901, wakitokea Mombasa. Reli mbili, wakoloni wawili, na kati yao nyika ya Taita.

Kilichoziunganisha ni vita. Agosti 1914, majeshi ya Ujerumani yaliiteka Taveta. Waingereza walijibu kwa kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kwenda magharibi, ili kupeleka askari, maji na mizinga katika nchi kavu isiyo na mito ya kutegemewa. Wajerumani nao wakawa wanavizia usiku na kuilipua.

Mwaka 1916, baada ya mapigano ya Salaita na vilima vya Latema na Reata, Waingereza waliingia Moshi, na reli yao ikasogezwa hadi Kahe. Hivyo ndivyo mishipa miwili ilivyoshonwa, kwa haraka na kwa sababu za bunduki.

Amani iliporudi, kiungo hicho kilizua ugomvi wa aina nyingine. Tanga iliona mizigo ya Kilimanjaro, hasa kahawa, ikipotelea Mombasa. Ugomvi huo haujazeeka, na tutaurudia baadaye.

Mwaka 1929 reli ilifika Arusha. Mwaka 1948 likatokea jambo kubwa zaidi kwa kiungo cha Voi: reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja, Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Njia ya Voi hadi Kahe ikawa na mwenyewe mmoja pande zote mbili za mpaka. Mataruma yaliyooza upande wa Taveta na yale yaliyooza upande wa Kahe yaliingia katika bajeti ile ile.

> Kuanzia 1948 hadi 1977, reli ya mpakani ilikuwa na mwenyewe mmoja. Tangu hapo ina majirani wawili.

Mlango uliofungwa

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mali za Jumuiya, kuanzia ndege hadi vichwa vya treni, ziligawanywa kwa mkataba wa mwaka 1984.

Vichwa vya treni viligawanyika, mabehewa yakagawanyika. Kiungo hakigawanyiki. Nusu ya daraja haivushi mtu. Kila nchi ikaondoka na shirika lake la reli na ramani yake, na katika ramani zote mbili njia ya Voi na Kahe ikawa tawi la pembeni linaloishia porini.

Mpaka ulipofunguliwa, biashara ya njia hiyo haikurudi kuwa ilivyokuwa. Mashirika yenyewe yalikuwa yameanza kukohoa. Miaka ya 1980 na 1990 vipuri viliadimika, vichwa vya treni vikasimama karakana, na malori yakachukua nafasi. Treni ya abiria ya Moshi na Arusha ilikoma katika miaka ya 1990. Ya mizigo ikafuata.

Ubinafsishaji ulijaribiwa. Kenya na Uganda zilikodisha reli zao kwa mwekezaji mwaka 2006. Mkataba ukafa mwaka 2017. Tanzania ilimpa mwekezaji kutoka India asilimia 51 ya hisa za shirika lake la reli mwaka 2007. Miaka michache baadaye Serikali ikairudisha mikononi mwake. Mwekezaji anayekokotoa faida ya kila kilomita hawezi kuanza na tawi lililokufa linalovuka mpaka, na kweli hakuanza nalo.

Jinsi reli ya Kaskazini ilivyorudi

Julai 2019, treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilizinduliwa upya. Desemba ikaja ya abiria. Oktoba 2020 ikawa zamu ya Arusha, kilomita 86 mbele ya Moshi. Kazi ilifanywa na Shirika la Reli Tanzania, TRC, lililozaliwa upya kwa sheria ya mwaka 2017.

Haikuwa kazi ya ajabu, ilikuwa kazi ngumu. Vichaka vilifyekwa. Mataruma yaliyochakaa yalitolewa. Kokoto zilizosombwa na mvua zilijazwa upya, makalvati yakazibuliwa, madaraja yakakaguliwa. Watu waliokuwa wamelima mahindi katikati ya njia waliambiwa wavune na waondoke.

Waliojenga ndani ya hifadhi ya reli walipata habari mbaya zaidi. Kwa kawaida eneo hilo ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji. Kwa miaka 25 bila treni, mita hizo zilikuwa zimegeuka vibanda, magenge, bustani na hata nyumba za kudumu. Alama ya X nyekundu ilirudi ukutani, na pamoja nayo kilio cha familia zilizonunua kiwanja kwa nia njema kutoka kwa mtu asiyekuwa na haki ya kukiuza.

Hapo kuna somo la kwanza. Gharama ya kuchelewa haiko kwenye chuma peke yake. Kila mwaka ambao treni haipiti, mtu mmoja zaidi anajenga, na siku ya kufufua reli machozi yanaongezeka.

Kipande cha Kahe na Taveta kimekaa kimya muda mrefu kuliko kile cha Moshi na Arusha.

Majirani nao wameamka

Kenya haikulala. Reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyogharimu takriban shilingi bilioni 327 za Kenya, ilizinduliwa Mei 31, 2017. Inapita Voi na ina stesheni hapo.

Pamoja na hiyo, Kenya ilirudi kuzitazama reli zake kuukuu. Desemba 2020 treni ya Nairobi na Nanyuki ilifufuka baada ya ukarabati wa takriban shilingi bilioni 1.8, huku vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa na wanajeshi wakishika sululu. Desemba 2021 ikawa zamu ya Kisumu. Abiria walijaa, kwa sababu Desemba ya Kenya haina tofauti na ya Kilimanjaro: kila mtu anakwenda kwao.

Uganda nayo, mwaka 2023, ilianza kukarabati njia ya Tororo hadi Gulu, kilomita 375 za reli ya zamani kaskazini mwa nchi hiyo.

Fedha za Nanyuki na fedha za reli ya kisasa hazilinganishwi, na hata treni zake hazilinganishwi. Moja inakwenda mwendo wa kasi, nyingine inakupa muda wa kununua embe dirishani. Lakini Nanyuki ilionyesha kwamba reli ya zamani inaweza kurudi kwa sehemu ndogo sana ya bei ya reli mpya, mradi tuta lake bado lipo na hakuna aliyeliuza.

Angalia sasa ulivyo mpangilio. Tanga hadi Arusha imefufuka. Mombasa hadi Nairobi ina reli mbili, ya zamani na ya kisasa. Kila serikali imetengeneza chumba chake. Mlango wa katikati ndio haujaguswa.

Wanaoitaka, wasioitaka

Anza na soko la Taveta. Ni moja ya masoko makubwa ya mpakani katika ukanda huu. Ndizi, nyanya, vitunguu na mahindi, mengi yakitoka mashamba ya umwagiliaji ya Taveta na mengine yakivuka kutoka Kilimanjaro, huondoka hapo kwenda kulisha Mombasa. Yote hupanda lori. Dereva akichelewa forodhani, nyanya hazimsubiri.

Nenda Makanya, wilayani Same, kwenye machimbo ya jasi inayotumika viwandani kutengeneza saruji. Nenda Mwatate na Taveta kwenye mashamba ya mkonge. Jasi, mkonge, saruji, mbolea na nafaka ni mizigo mizito, ya aina moja, isiyo na haraka. Ni mizigo ambayo reli iliumbwa kuibeba.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua treni ya mabehewa 20, kila behewa tani 40. Hizo ni tani 800. Kwa semi-trela za tani 30, unahitaji malori 27, madereva 27, matangi 27 ya dizeli, na lami inayokanyagwa mara 27.

> Treni moja ya mabehewa 20 hubeba tani 800. Kwa semi-trela za tani 30, hayo ni malori 27 barabarani.

Wenye malori wana majibu yao, na si ya kupuuzwa. Lori linafika mlangoni kwa mteja. Treni inaishia stesheni, kisha unatafuta lori jingine, unalipa wapakuaji mara mbili na kuombea mzigo usipungue. Wanakumbusha pia kwamba reli hulipa kwa safari ndefu. Kilomita 150, wanasema, ni safari ya asubuhi kwa lori.

Barabara nayo haiko kama zamani. Njia ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi imetiwa lami, na pale Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha forodha, ambapo msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Nyuma ya kila lori kuna watu: utingo, fundi wa matairi, mama lishe wa Holili, mwenye nyumba ya wageni wa Taveta. Ukiondoa malori 27 barabarani, unaondoa na sahani 27 za wali.

Hoja ya umbali, hata hivyo, ina tundu. Hakuna anayetaka treni ya kutoka Kahe kwenda Voi kama safari kamili. Kipande hicho ni kiungo, kama kiwiko. Mkono wenyewe unaanzia Arusha na kuishia Mombasa, zaidi ya kilomita 400, na huo si mwendo wa asubuhi kwa lori lenye tani 30.

Bandari mbili, mzigo mmoja

Tufike sasa kwenye jambo ambalo halisemwi sana jukwaani.

Kutoka Moshi hadi Tanga kwa reli ni kilomita zipatazo 350. Kutoka Moshi hadi Mombasa kupitia Voi, umbali unakaribiana sana na huo. Mfanyabiashara wa Moshi akipewa njia zote mbili atachagua bandari inayohudumia haraka na kwa bei ndogo. Miaka 100 iliyopita alichagua mara nyingi Mombasa, na Tanga ikanuna.

Leo Tanzania imewekeza zaidi ya shilingi bilioni 400 kuongeza kina na kuboresha magati ya bandari ya Tanga, ili meli ziache kushusha mizigo katikati ya bahari na kuivusha kwa matishari. Imepanga pia reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, kilomita 1,028 pamoja na matawi ya Minjingu kwenye fosfeti na Engaruka kwenye magadi. Ofisa wa Hazina mwenye mafaili hayo mezani anaweza kuuliza: kwa nini tugharimie mlango wa kupitishia mzigo wetu kwenda bandari ya jirani?

Ni swali la haki. Lina majibu matatu.

La kwanza, mlango hupitisha watu wa pande zote. Mzigo wa Taita Taveta unaweza kuja Tanga kwa urahisi ule ule wa mzigo wa Kilimanjaro kwenda Mombasa. Mchele, vitunguu na mahindi ya Tanzania vina soko kubwa Kenya. Bandari iliyotumia mabilioni kujiboresha haipaswi kuogopa kushindanishwa.

La pili, reli ya Kaskazini ina njaa ya mzigo. Reli hula fedha za matengenezo iwe imepitisha treni moja kwa wiki au treni kumi kwa siku. Kadiri mizigo inavyopita mingi Kahe, ndivyo kila tani inavyochangia kidogo katika kokoto na mataruma ya kesho. Reli iliyofufuliwa kwa sherehe na kuachwa na treni chache iko nusu ya njia kurudi kaburini.

La tatu ni mvua. Njia ya kutoka Ruvu kupitia Mnyusi, iliyojengwa mwaka 1963 kuunganisha Tanga na reli ya Kati, inapita mabonde ya mito. Masika ikikolea, tuta huliwa. Siku njia hiyo inapokatika, Kaskazini inabaki na Tanga peke yake, na Tanga nayo ikikatika Korogwe hakuna pa kutokea. Nyumba yenye milango miwili haiogopi mmoja kukwama.

Kuna pia bahati moja ambayo haizungumzwi. Reli za zamani za Kenya na Tanzania zina upana mmoja, mita moja kamili kati ya chuma na chuma. Pale Voi, reli ya kisasa ya Kenya ina upana wake mwingine, kwa hiyo mzigo unaokwenda huko utahamishwa. Lakini kiungo kikifufuliwa, behewa la TRC linaweza kutoka Arusha hadi Mombasa kwa njia ya zamani bila kubadili magurudumu. Zipo nchi jirani duniani zinazotumia mabilioni kutatua tatizo ambalo sisi hatunalo.

Somo kutoka Uskoti

Reli iliyokufa inaweza kurudi kwa sababu ya watu wa kawaida? Ipo iliyorudi hivyo.

Usiku wa kuamkia Januari 6, 1969, kijijini Newcastleton, kusini mwa Uskoti, wanakijiji walifunga mageti ya makutano ya barabara na reli, wakaizuia treni ya mwisho isipite. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeamua kuifunga njia ya Edinburgh hadi Carlisle, ikiwa moja ya nyingi zilizofungwa kwa hoja kwamba hazilipi. Wiki chache kabla, mama mmoja wa mji wa Hawick, Madge Elliot, alikuwa amepeleka London saini 11,678 za kupinga. Serikali ilipokea karatasi, na reli ikafungwa.

Ikang'olewa. Nyumba zikajengwa juu ya tuta. Miaka 30 ikapita.

Mwaka 1999 wakazi waliunda kundi la kampeni la kuidai. Walichofanya si kulia. Walikusanya saini zaidi ya 17,000, wakahesabu abiria, wakapiga hesabu za ajira na nyumba, wakawaandikia wabunge wao barua zisizokwisha. Mwaka 2006 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuijenga upya sehemu ya kaskazini. Septemba 6, 2015, treni ilipita tena kwenye kilomita zipatazo 48 zilizojengwa upya kati ya Edinburgh na Tweedbank, kwa gharama ya pauni milioni 294.

Wataalamu walikuwa wametabiri abiria 650,000 hivi kwa mwaka wa kwanza. Walizidi milioni moja. Injini moja ya treni ilipewa jina la Madge Elliot.

> Saini 11,678 hazikuizuia reli kufungwa mwaka 1969. Zilihifadhi kumbukumbu kwamba ilikuwa na wenyewe.

Kampeni haijafunga ofisi. Sasa wanadai kipande kilichobaki, hadi Hawick na Carlisle, ambako reli inavuka mpaka kuingia England. Huko nako, kipande kinachogusa mpaka ndicho kilichobaki mwisho.

Uskoti ina fedha ambazo sisi hatuna, na mfano huu hauwezi kubebwa mzima. Kinachobebeka ni utaratibu: walianza na hesabu, wakaendelea na majina, na hawakumwachia mwanasiasa mmoja kazi hiyo, maana mwanasiasa huhama jimbo.

Yatima wa mipaka miwili

Hapa ndipo penye ugonjwa wa Voi na Kahe. Reli ya Arusha ilikuwa na wa kuidai: wabunge wa Kilimanjaro na Arusha, wafanyabiashara wa Moshi, abiria wa Desemba, na shirika moja lenye jukumu. Reli ya Nanyuki ilikuwa na wakulima wa Laikipia na serikali yake. Kila moja ilikuwa na mlango wa kubishwa.

Mkulima wa ndizi wa Taveta akitaka treni, atabisha wapi? Nairobi watamwambia upande wao unaishia mpakani, na reli inayoishia mpakani haina maana. Dodoma watamwambia mkulima wa Kahe vivyo hivyo. Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze. Mipango imetajwa katika mikutano, upande huu na upande ule, na mikutano imekwisha salama.

Karatasi haikosekani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999, katika Ibara ya 91, unazitaka nchi wanachama kuwa na huduma za reli zinazoratibiwa na kuunganisha nchi zao, na pale inapobidi kujenga viungo vipya. Mwaka 2009 Jumuiya ilipata hata mpango kabambe wa reli. Kinachokosekana ni mtu au chombo ambacho kazi yake, asubuhi akiamka, ni kipande hiki.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kazi ya kuinama ni ndogo na inaweza kuanza bila bilioni hata moja.

Kwanza, hesabu. Chama cha wafanyabiashara cha Moshi na wenzao wa Taita Taveta wanaweza kukaa Holili na Taveta kwa miezi mitatu, wakaandika kila lori: linabeba nini, tani ngapi, linatoka wapi, linakwenda wapi. Bila daftari hilo, kila mjadala utabaki wa hisia, na kwenye hisia Hazina hushinda.

Pili, hifadhi. Mita 15 na mita 30 zilindwe leo, kabla mtu mwingine hajajenga. Chuma nacho kilindwe. Januari 2022 Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu nchini kote baada ya miundombinu ya umma kuibwa. Reli isiyopita treni ndiyo ghala rahisi kuliko yote kwa mwizi wa chuma.

Mtwara wanalijua hili. Reli yao ya kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Leo Kusini inazungumzia reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na kila kilomita itaanza na sululu, kwa sababu hakuna cha kukarabati.

Tatu, mlango wa kubisha. Bunge la Afrika Mashariki linakutana Arusha. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki lina ofisi Arusha. Hoja moja, iliyoandikwa na wabunge wa Tanzania na Kenya kwa pamoja, ikitaka TRC na Shirika la Reli Kenya waunde timu moja ya kupima njia hiyo na kutaja gharama yake hadharani, ingekipa kipande hicho faili moja badala ya mawili.

Kipimo kinaweza kusema hailipi. Sawa. Basi ijulikane, kwa takwimu, na hifadhi itumike kwa jambo jingine. Kisichokubalika ni kuiacha ife kwa sababu imeangukia katikati ya meza mbili.

Wewe unayeuza vitunguu Same, unayepakia ndizi Taveta, unayengoja mbolea Usa River: andika tani zako. Mpelekee mbunge wako na umwombe risiti.

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya nchi nane. Panda treni leo katika stesheni ya mji huo, nenda popote reli inakofika: hakuna reli itakayokuvusha mpaka kuingia katika nchi nyingine hata moja kati ya hizo nane.